Samaki Mia Moja Waliopungua

Kisa hiki kilinigharimu samaki mia mbili na kumi na wanne, au mia mbili na kumi na watatu, inategemea unaamini hesabu ya kwanza au ya pili. Pamoja nao nilipoteza kazi ya ukarani, na ile raha ndogo ambayo kila baba anayo bila kujua kwamba anayo: kuulizwa ana watoto wangapi, na kujibu.

Ni kweli tupu. Sikuapii, kwa sababu viapo ni vya watu wanaouza ng'ombe mgonjwa. Sikiliza, kisha ukitaka kucheka, cheka. Mimi mwenyewe nilicheka mpaka saa sita na dakika kumi mchana wa Jumapili ile. Naam, mchana. Najua umezoea visa vya usiku wa manane, mbwa wakilia na taa ikizimika yenyewe. Kiumbe anayengoja giza ndipo atokee ananiambia jambo moja tu, kwamba anaogopa kuonekana. Wangu hakuogopa.

Nilikuwa karani wa stoo katika kiwanda kimoja hapa Thika, kazi yangu kuandika magunia yanayoingia na yanayotoka. Kiwanda kilinipa chumba kimoja na kiwanja cha nyuma, hatua nane kwa sita, nimepima mara mbili. Humo tuliishi mimi, mke wangu Mama Odhiambo, na watoto wetu Odhiambo na Atieno. Usiwajumlishe. Utaona kwa nini.

Tabia yangu ndiyo hiyo: kila kitu nahesabu mara mbili. Mara ya kwanza ili nijue, mara ya pili ili nimwambie mnunuzi. Hesabu hizo si lazima zifanane. Anayedhani lazima zifanane hajawahi kununua mahindi sokoni.

Mambo ya samaki yalianzia Ruiru, kwa Mzungu mmoja msimamizi wa shamba la kahawa. Wafanyakazi walimwita Bwana Kioo, kwa sababu sebuleni mwake palikuwa na tangi la kioo, refu kama jeneza la mtu mzima, na ndani yake alifuga kamongo. Ndiyo, kamongo. Kwetu ziwani kamongo ni kitoweo. Kiangazi tunamchimbua kwenye matope amelala kama mlevi, tunamkata vipande, anaingia chunguni, habari yake imekwisha. Huyu aliletwa na rafiki wa Bwana, akapewa maji safi, mchanga wa mto, na cheo. Bwana alimwita Meja. Samaki ana cheo, na mpishi wa nyumba ile, Mzee Wanyoike, mwenye mvi na wajukuu, bado anaitwa boi.

Nilimwona Meja siku niliyotumwa kupeleka magunia matupu shambani. Mwili wa rangi ya matope, kama soksi iliyosahauliwa kwenye ndoo. Mikono miwili myembamba kama uzi, ya kuning'inia tu. Pembeni mwa mdomo, upande wa kulia, kovu jeupe, kwa sababu siku moja kifuniko cha tangi kilimwangukia. Na kila baada ya muda alipanda juu, akatoa mdomo nje ya maji na kumeza hewa, *gwap*, kama babu anayekunywa uji wa moto. Kamongo hana budi kuvuta hewa kama mimi na wewe. Nilisimama pale nikamdharau kwa moyo wangu wote.

Bwana Kioo alikuwa na shida. Meja alikataa nyama ya ng'ombe, alitaka kitu kinachokimbia. Watu wa afya walikuwa wamempa Bwana chupa ya vile visamaki vidogo vinavyowekwa kwenye madimbwi ili kula viluwiluwi vya mbu. Meja alivipenda, lakini vilikuwa kumi na viwili tu. Basi Bwana akaniuliza, ninyi watu wa ziwani mnajua kufuga samaki? Watu wa ziwani hatufugi samaki, tunavua. Lakini mtu akikuuliza swali lenye shilingi ndani, jibu ni ndiyo. Tukapatana: kila Jumamosi ya pili nimpelekee samaki mia, wazima, kwa senti tano kila mmoja. Akanipa sita wa mbegu ndani ya chupa ya jamu.

Kufuga si kazi ya ajabu, ni kazi ya chuki tu. Samaki hawa hawatagi mayai, wanazaa. Jike akikaribia kuzaa anafanya doa jeusi chini ya tumbo, linakua kila siku. Akishazaa, anageuka na kuwala watoto wake. Mama mzazi! Anamtoa mtoto huku, anammeza kule. Nilipoteza wazao wa kwanza wote kabla sijapata dawa yake. Nilichukua kikapu cha mkonge chenye matundu, nikakitumbukiza kwenye pipa, nikamfungia jike humo. Watoto wanapita kwenye matundu na kuanguka chini, mama anabaki juu akizunguka na njaa yake. Niliwalisha pumba laini, kiini cha yai la kuchemsha, na viluwiluwi vya mbu ambavyo Thika haijawahi kukosa. Baada ya miezi minne nilikuwa na mapipa mawili yaliyojaa.

Jirani yangu aliitwa Mama Wambui, mjane aliyeuza viazi. Watu wake hawali samaki, kwa hiyo alikuja kila siku kutazama jinsi mtu mzima anavyohangaika. Aliniona nawahesabu kwa chujio la chai, watano watano, kutoka pipa mpaka karai jeupe, kwa sauti.

"Haiya! Baba Odhiambo, hiyo kitu iko na uhai. Hapana hesabiwa hivyo."

"Nisipohesabu nitauzaje, Mama Wambui?"

"Uza. Lakini hapana taja kwa mdomo. Mbuzi hapana hesabiwa, mtoto hapana hesabiwa. Kwetu ukifika kumi husemi kumi. Unasema *kenda muiyuru*, tisa iliyojaa."

Nikacheka. Nikamwambia hesabu ya namna hiyo kiwandani ingemfungisha mtu. Yeye hakucheka.

"Sisi tulihesabiwa kule kijiji cha serikali, ndani ya waya, kila jioni, mstari mmoja, askari na kalamu. Unajua tulivyopungua?"

Siku zile za Hali ya Hatari, jibu la swali kama hilo ulilimeza. Lakini moyoni nilisema, mama, hawa ni samaki wa mbu.

Sasa nifike pale ambapo sipendi kufika. Safari ya kwanza nilipeleka mia kamili. Niliona Bwana Kioo hahesabu. Anamimina tu, anapiga magoti mbele ya kioo kama mtoto na kutazama Meja akila. Mzee Wanyoike naye hahesabu, anataka sakafu yake isilowe. Basi safari ya pili nilipeleka tisini na watano, na mdomoni nikasema mia. Nani angejua? Mara ishirini nilifanya hivyo. Piga hesabu: watano mara ishirini. Samaki mia moja, yaani shilingi tano. Kwa shilingi tano, jamani. Kuna watu wamejiharibia maisha kwa ng'ombe, kwa mashamba, kwa wanawake wazuri.

Jumapili iliyofuata safari ya ishirini na moja, nyumba zote za wafanyakazi zilikuwa tupu, watu wako kanisani, na mke wangu amekwenda na watoto. Nilibaki na mapipa yangu. Jua lilikuwa kali, vumbi linapanda lenyewe. Nilikuwa nimepiga magoti nachagua majike wenye doa, nikasikia mtu amesimama nyuma yangu. Sikusikia akija. Nilisikia amesimama.

Mtu mzima, koti zito la kahawia mpaka miguuni, katika jua lile. Koti lilikuwa limelowa maji yanayotiririka. Mikono ilining'inia, myembamba, haifanyi kazi yoyote, hata nzi walipomtua usoni hakuwafukuza. Nikadhani ni bwana afya amekuja kutafuta sababu ya kunitoza faini.

"Karibu, mzee. Haya ni maji ya kufulia."

"Ya kufulia," akasema. "Na hao ndani ni sabuni?"

Kiswahili chake kilikuwa kizuri kuliko changu. Hilo ndilo lililoniudhi kwanza.

"Unataka kununua?"

"Nimeshanunua. Nimekuja kuchukua waliobaki."

"Waliobaki gani? Mimi simwuzii mtu ila Bwana mmoja wa Ruiru."

"Bwana wa Ruiru hali samaki," akasema. "Watano, mara ishirini. Wewe ni karani, jumlisha."

Nikwambie ukweli, sikuogopa. Nilikasirika. Ile hesabu haikuwa mahali popote ila kichwani mwangu, hata mke wangu hakuijua. Nikadhani Wanyoike, kumbe mzee mjanja, amekuwa akihesabu kimyakimya na sasa ametuma ndugu yake. Na mtu akija kudai, dawa ni kupatana.

"Mzee, wengine hufa njiani. Maji yanakula. Tuseme hamsini leo, hamsini mwisho wa mwezi."

"Mimi sili mwisho wa mwezi."

"Sitini basi."

Aliinua kichwa, akafungua mdomo kuelekea juu, akameza hewa. *Gwap.*

Nikaona kovu. Upande wa kulia wa mdomo, jeupe. Nikatazama ile mikono tena. Wewe ungefanya nini? Mwingine angekimbia. Mimi, na nisamehe, jambo la kwanza lililonijia lilikuwa dharau. Kitoweo! Kitoweo kimevaa koti, kimetoka Ruiru mpaka Thika, maili kumi na mbili, kuja kunifundisha hesabu. Nikamwambia, "Kwetu wewe huliwa na ugali."

"Najua," akasema, bila hasira. "Hesabu samaki wako."

Nikahesabu. Sijui kwa nini nilitii. Labda kwa sababu ndiyo kazi ninayoijua. Kwa chujio, watano watano, kutoka pipa mpaka karai na madebe. Mia mbili na kumi na wanne.

"Hesabu tena."

Nikahesabu tena, nikiwarudisha. Yeye alikuwa amesimama hatua tatu kutoka kwangu, mdomo umefungwa, mikono inaning'inia. Hakuna paka, hakuna ndege, hakuna aliyeruka nje ya chujio. Mia mbili na kumi na watatu.

"Mmoja yuko wapi?" nikauliza.

"Hicho ndicho nilichokuwa nikijiuliza kila Jumamosi ya pili," akasema. Kisha akageuza uso polepole kuelekea mlango wa chumba changu, ambako kamba ilikuwa na gauni la Atieno limeanikwa. "Na humo ndani mko wangapi?"

Ulimi wa karani hauna breki. Kabla sijafikiri nimesema, "Wanne."

"Hesabu tena."

Niamini ninapokwambia kwamba jua lile lote lilinipotea. Nilifungua mdomo, na midomo yangu ilikuwa imeshajipanga kutaja namba. Nikaona lile chujio mkononi mwangu, nikamkumbuka Mama Wambui na mstari wake wa jioni, nikaufunga mdomo kwa kiganja. Kwa kiganja, kama unavyomziba mtoto. Maji ya koti lake yalikuwa yamefika kwenye magoti yangu, na yalinuka matope ya kwetu.

"Chukua wote," nikasema kupitia vidole. "Si mia. Wote."

"Mimi sibebi," akasema. "Lete. Na nikikuuliza wangapi, useme kweli."

Akazunguka pembe ya nyumba. Nilipomfuata, hapakuwa na mtu, pana mburuto wa maji vumbini tu, kama mtu amekokota gunia lililolowa, unaelekea barabarani na kukaukia hapo.

Niliwamimina wote kwenye madebe mawili, nikafunga madebe kwenye baiskeli, nikaondoka hata bila kofia. Na sasa nitakuambia jambo ambalo mke wangu hajalisikia. Nilipofika karibu na Juja, upepo umenipiga, nimeona watu wakitoka kanisani na Biblia zao, mama mmoja akinicheka ninavyomwagikiwa, ushujaa ulinirudia. Ukirudi, hauji peke yake, unakuja na ndugu yake tamaa. Nikajiambia, hivi kweli nikabidhi hata mbegu? Miezi yote ile, kikapu, mayai ya kuchemsha? Nikasimama kando ya barabara, nikachota majike wawili wenye doa jeusi kubwa, nikawatia kwenye chupa ya maji niliyokuwa nayo mfukoni. Wawili tu. Ungeniona ungesema huyu hana akili, na ungekuwa umesema sawa.

Ruiru nilimkuta Mzee Wanyoike amekaa kwenye ngazi ya jikoni na kitambaa cha sakafu.

"Karani, afadhali umekuja," akasema. "Leo tumeona mambo. Asubuhi tangi tupu. Meja hayuko! Bwana ametafuta chini ya viti kama mtu aliyepoteza meno. Ametuita wezi wote. Nani ataiba kile kitu, mimi? Nikifanyie nini? Saa nane naingia na chai, nakikuta kiko ndani kimelala, na sebule yangu yote maji."

Nikaingia. Bwana Kioo alifurahi kuniona, alidhani nimeleta zawadi. Nikamimina. Samaki wale walitawanyika kama mvua. Meja hakula hata mmoja. Alikuja polepole mpaka kwenye kioo, akasimama mbele ya tumbo langu, usawa wa mfuko wa koti langu, pale penye chupa.

"Wangapi, karani?" Bwana akauliza.

"Wote, Bwana," nikasema.

Meja akapanda juu, *gwap*, akashuka, akanigeuzia mgongo. Sijawahi kudharauliwa hivyo na mtu yeyote mwenye miguu.

Jumatatu kiwandani yaliingia magunia sitini. Nikahesabu, sitini. Nikarudia, hamsini na tisa. Jumanne mia na ishirini, kisha mia na kumi na tisa. Na si macho yangu, kwa maana msimamizi alikuja kuhesabu nyuma yangu akakuta lile lile pungufu. Kila nilichohesabu mara ya pili kilipungua kimoja, kikaenda. Nilikuwa nimepunguza pumba na misumari ya kiwanda kile miaka sita, hakuna aliyenishika. Nikafukuzwa kwa magunia ambayo sikuyagusa, na msimamizi, mtu asiyeweza kujumlisha vidole vyake mwenyewe, akanihubiria uaminifu.

Wale majike wawili? Niliwahesabu asubuhi: wawili. Nikatazama tena: mmoja. Kesho yake chupa ilikuwa na maji tu.

Nikarudi Ruiru nikiri na kulipa. Bwana Kioo alikuwa ameuza vitu vyake na kuondoka nchini. Wanyoike akaniambia Meja hakuwa na nafasi melini, kwa hiyo Bwana mwenyewe alimpeleka na kumwachilia kwenye bwawa la Ruiru, machozi yakimtoka. Nimekwenda kwenye bwawa lile mara tatu na chupa ya samaki wa mbu niliyoomba kwa watu wa afya. Nasimama ukingoni kama mwehu nikisema, "Ni hawa, wachukue." Bwawa halisemi kitu.

Siku hizi tumepanga chumba jirani na Mama Wambui, nami nauza vitu visivyohesabiwa: mafuta ya taa kwa kibaba, chumvi kwa kikombe. Watoto wangu wapo, nawasikia nje sasa hivi wakigombania gurudumu. Wamekua. Mama Odhiambo akiwaita kula mimi hutazama ukutani, nisije nikawapitia kwa macho, huyu, na huyu. Mama Wambui hanicheki. Ananiambia tu, "Sema wametosha."

Kwa hiyo wewe unayeuza, pima upendavyo kwa anayelipa, yeye ana macho na ulimi wa kudai. Lakini kabla hujapunguza, uliza nani hasa anakula.

Nami sikukuhadithia ili unionee huruma. Jana, Ijumaa, alikuja karani wa nyumba za mji. Wanagawa nyumba mpya za vyumba viwili, na sisi tumo kwenye orodha. Alitaka mimi mwenyewe, baba wa nyumba, nitaje tuko wangapi. Nikakohoa mpaka mke wangu akajibu kwa niaba yangu, karani akaandika. Kisha akasema Jumatatu saa tatu anarudi kuhakiki. Watoto wasimame mlangoni, na baba awahesabu kwa mdomo wake, aweke sahihi, la sivyo nyumba inapewa mwingine. Mke wangu amekwisha kufua nguo zao. Leo ni Jumamosi. Nimwambie nini yule mtu?